Kadi ya Bangi Haimkingi Askari

Rai hii imeenea Marekani kiasi kwamba hata mtu asiyewahi kuvaa gwanda wala kuonja bangi huisema kama jambo lililokwisha. Askari aliyerudi kutoka Iraq au Afghanistan na mgongo ulioumia, au na usingizi unaokatizwa na jinamizi la vita, hana tena sababu ya kuhangaika. Achukue DD-214 yake, yaani cheti cha kuachana na jeshi, aende kwa daktari, ajaze fomu za jimbo lake, alipe ada, apewe kadi ya bangi ya tiba. Tangu siku hiyo yu halali mbele ya sheria, anajitibu kwa mmea badala ya vidonge vinavyoteka watu, na nchi imemlipa fadhila zake.

Rai hii haikuzuka hewani, na wengi wanaoisema wana mume, kaka au baba aliyeteseka mbele ya macho yao. Wapiga kura wa California ndio waliofungua mlango mwaka 1996. Leo majimbo zaidi ya 35 kati ya 50 yana mpango wa bangi ya tiba. New Mexico ilikiingiza kiwewe, PTSD kwa kifupi, katika orodha yake ya maradhi mwaka 2009, na mengine mengi yakafuata. Oklahoma hutoza dola 100 kwa kadi, lakini askari aliyepimwa na kuonekana ana ulemavu wa asilimia 100 hulipa 20. American Legion, chama kikubwa kuliko vyote vya wanajeshi wastaafu nchini humo, kilifanya uchunguzi wa maoni mwaka 2017, na asilimia 22 ya askari waliohojiwa walisema wanatumia bangi kutuliza ugonjwa fulani. Maumivu ya watu hawa ni ya kweli, wala hapa hayatiliwi shaka.

Kinachopingwa ni ile dhana kwamba kadi humhamisha mtu kutoka kwenye hatari na kumweka mahali salama. Kadi hutolewa na jimbo. Maisha ya askari mstaafu yameshikwa na serikali ya shirikisho: matibabu yake, malipo yake ya ulemavu, mara nyingi ajira yake, haki yake ya kununua bunduki, na kwa baadhi yao hata uraia wa mke. Katika vitabu vya serikali hiyo, sheria ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika Jedwali la Kwanza, pamoja na heroini, miongoni mwa vitu visivyo na matumizi ya tiba yanayokubalika. Hakuna kadi ya jimbo inayofuta mstari huo. Ndiyo maana askari ana hasara pale ambapo raia wa kawaida hana: yeye ndiye aliye karibu zaidi na mkono wa serikali ileile inayosema anachofanya ni kosa.

1. Wanasema kufuzu ni rahisi

Kwa nani? Daktari anayemjua askari ni daktari wa Idara ya Wanajeshi Wastaafu, ambayo wao wenyewe huiita VA. Huyo ndiye mwenye picha za mgongo, historia ya dawa, maelezo ya usiku alipoletwa akiwa hajui alipo. Kama kuna mtu anayestahili kusema kwamba mgonjwa huyu anafaa au hafai kutumia bangi, ni huyo. Na huyo ndiye aliyekatazwa.

Waraka namba 1315 wa VA, uliotolewa Desemba 2017, unasema askari hatanyimwa huduma kwa sababu ameingia katika mpango wa bangi wa jimbo lake. Watetezi wa kadi hunukuu sehemu hiyo na kuishia hapo. Waraka unaendelea: daktari wa VA anaweza kuzungumza na mgonjwa kuhusu bangi na kuandika habari hizo katika faili, lakini haruhusiwi kuipendekeza wala kujaza fomu ya jimbo, VA hailipii bangi, na hakuna kuiingiza katika eneo lolote la idara, hata ukiwa na kadi mfukoni.

Ajabu ni kwamba madaktari wa nje walikwisha kupata haki hiyo. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi ya Conant dhidi ya Walters, iliamua kwamba serikali haiwezi kumwadhibu daktari kwa kumpendekezea mgonjwa bangi, maana kupendekeza ni maneno, na maneno yanalindwa na katiba. Lakini daktari wa VA ni mtumishi wa serikali, na mwajiri wake amemfunga mdomo. Matokeo yake, mfanyabiashara wa Los Angeles anaweza kushauriwa na kuandikiwa na daktari wake wa siku zote, ilhali aliyepoteza mguu akitumikia nchi anaambiwa atafute mgeni.

Mgeni huyo analipwa taslimu. Bima ya afya hailipii bangi, na bima ya VA ndiyo kabisa. Huko Florida, kwa mfano, idhini ya daktari hudumu siku 210 tu, baada ya hapo mgonjwa huonwa tena na kulipa tena, mbali na ada ya jimbo ambayo kwa kawaida ni dola 75 kila mwaka. Halafu ndipo anaanza kununua bangi yenyewe, kwa bei ya dukani, mwezi baada ya mwezi, kutoka mfuko wake. Vidonge vya maumivu vya jamii ya afyuni VA humpa bure au kwa pesa kidogo. Mtu anayeishi kwa malipo ya ulemavu akilinganisha hesabu hizo mbili, hakuna haja ya kumuuliza atachagua nini mwisho wa mwezi. Wanaosema kadi imewaokoa askari kutoka kwenye afyuni wangeanza kwa kueleza kwa nini serikali inalipia kile wanachokimbia na kukataa kulipia kile wanachokimbilia.

Illinois imeonyesha kwamba usumbufu huu haukuwa wa lazima. Jimbo hilo humruhusu askari anayetibiwa VA kupeleka kumbukumbu zake za matibabu na DD-214, bila cheti cha daktari mwingine. Majimbo yasiyofanya hivyo yanamtoza askari gharama ya ukimya wa VA.

2. Wanasema kadi ni kinga

Mwezi Agosti 2016 askari mmoja aliyejeruhiwa Iraq na kupewa nishani ya Purple Heart alikuwa safarini na mkewe, wakasimama kwenye kituo cha mafuta katika mji mdogo wa Alabama. Alikuwa na bangi aliyoinunua kihalali Arizona, na kadi ya Arizona. Alimweleza polisi habari ya kadi. Alabama wakati huo haikuwa na mpango wa bangi ya tiba, naye akakamatwa. Kesi ikamfuata kwa miaka, mwaka 2020 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano gerezani, na ilihitaji kelele za taifa zima hadi akaachiliwa kwa masharti mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka uliofuata, Alabama nayo ikapitisha sheria ya bangi ya tiba.

Huyu alifanya kila alichoshauriwa: alifuzu, alilipa, alinunua dukani, alisema ukweli. Kadi yake ilikufa mpakani. Hata askari anayesafiri kati ya majimbo mawili yanayoruhusu bangi, akiivusha mpaka anavunja sheria ya shirikisho. Na wanajeshi wastaafu ni watu wa kusafiri, wenye ndugu na makaburi ya wenzao katika kila pembe ya nchi.

Ndani ya jimbo lake mwenyewe je? Anayenunua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni hujaza fomu 4473. Inamuuliza kama anatumia bangi kinyume cha sheria, na toleo lililokuja baada ya majimbo kuanza kuihalalisha likaongeza onyo kwamba bangi ni haramu katika sheria ya shirikisho hata kama jimbo limeiruhusu kwa tiba. Mwaka 2011 ATF, idara inayosimamia silaha, iliwaandikia wauzaji wote kwamba kadi ya bangi ni sababu tosha ya kuamini kuwa mteja ni mtumiaji. Mwanamke wa Nevada aliyenyimwa bunduki kwa sababu hiyo alikwenda mahakamani akisema ana kadi tu, hatumii. Mwaka 2016, katika kesi ya Wilson dhidi ya Lynch, mahakama ya rufaa ikamkatalia. Mahakama nyingine ya rufaa, ile ya kusini, mwaka 2023 ilikwenda upande wa pili katika kesi ya mtu aliyekutwa na bangi na bunduki. Kwa hiyo haki ya askari inategemea anaishi upande gani wa ramani na kesi yake imeangukia kwa majaji gani. Akidanganya kwenye fomu, anafanya kosa la jinai, kosa lilelile ambalo mtoto wa rais wa wakati huo, Hunter Biden, alipatikana na hatia yake mwezi Juni 2024. Yeye alisamehewa na baba yake. Askari mwenye kadi hana baba wa namna hiyo.

Kisha kazi. Tangu sheria ya mwaka 1944, askari wastaafu hupewa kipaumbele katika ajira za serikali ya shirikisho, na takriban asilimia 30 ya watumishi wake ni wao. Ni sera njema. Lakini amri ya Rais Reagan ya mwaka 1986 inawataka watumishi hao hao wasitumie dawa haramu, kazini wala nje ya kazi, na uharamu unaohesabiwa ni wa shirikisho. Kipimo cha mkojo hakisomi kadi. Anayeendesha lori kubwa kwa leseni, kazi inayowapokea askari wengi wanapotoka jeshini, yuko chini ya kanuni za Wizara ya Uchukuzi, na wizara hiyo imesema wazi kwamba bangi ya tiba si udhuru wa mkojo uliokutwa na bangi. Hata kampuni binafsi haimbebi. Mahakama ya Juu ya Colorado, jimbo ambalo bangi huuzwa kwa watu wazima wote, iliamua mwaka 2015 kwamba mfanyakazi aliyepooza, mwenye kadi, aliyetumia bangi nyumbani kwake, aliweza kufukuzwa, kwa kuwa neno «halali» lina maana ya halali mbele ya jimbo na mbele ya shirikisho pia.

Nyumba inahitaji maneno machache tu. Mwombaji wa nyumba za umma zinazolipiwa na shirikisho anaweza kukataliwa kwa kutumia bangi, na wizara husika iliandika mwaka 2011 kwamba tiba haibadilishi jambo hilo.

Bunduki, kazi, nyumba, safari. Ni watu gani waliobaki ambao kadi inawakinga kikamilifu? Ni wale wenye kipato cha kujitegemea, wasio na bunduki, wasioajiriwa na serikali, wasiovuka mpaka wa jimbo. Si picha ya askari mstaafu wa kawaida wa Marekani.

3. Mke ambaye hakuna anayemtaja

Katika mijadala yote kuhusu kadi hii, mhamiaji hatajwi. Ilhali jeshi la Marekani limemtafuta mhamiaji kwa makusudi. Mpango wa MAVNI, uliofanya kazi kuanzia mwaka 2009 hadi uliposimamishwa 2016, uliwaandikisha wageni waliokuwa na ujuzi wa tiba au lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha hiyo. Wenye grini kadi wamejiunga kabla ya hapo na baada yake. Wapo Wakenya, Watanzania na Wakongo ambao leo ni askari wastaafu katika Minnesota, Texas na kwingineko, na makala zinazosifu kadi wanazisoma wao pia.

Aprili 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo kwamba kuvunja sheria ya shirikisho kuhusu bangi humwondolea mwombaji uraia sifa ya kuwa mtu mwenye mwenendo mwema, hata kama jimbo lake limeiruhusu, isipokuwa tukio moja tu la kumiliki gramu 30 au pungufu kwa matumizi yake. Si lazima awe ameshtakiwa. Kukiri mbele ya afisa kunatosha.

Sasa atazamwe askari mwenye uraia, ambaye mikono yake inatetemeka au kichwa chake kiliumia kwa bomu. Majimbo mengi humruhusu kuandikisha mlezi, mtu wa kumnunulia na kumbebea bangi, na mlezi huyo naye hupewa kadi. Nani atakuwa mlezi kama si mke? Na mke huyo, ikiwa bado ana grini kadi na anasubiri uraia, jina lake limeingia katika daftari la jimbo kama mtu anayenunua na kubeba, si mara moja bali kila mwezi, kitu ambacho mwajiri wa zamani wa mumewe anakiita dawa ya kulevya. Afisa atamuuliza kama amewahi kuvunja sheria za dawa za kulevya. Akisema ndiyo, ombi lake liko hatarini. Akisema hapana, amedanganya akiwa amekula kiapo. Alichofanya ni kumuuguza mume aliyeumia vitani.

Akiamua kumsindikiza mumewe kwenda kusalimia wazee Mombasa au Tanga, kadi haitawafaa pia. Kenya na Tanzania hazina kifungu kinachoitambua kadi ya jimbo la Marekani. Uwanja wa ndege watahesabiwa kama mtu mwingine yeyote aliyekutwa na bangi.

4. Wanasema sayansi imekwisha kusema

Hapa ndipo watetezi wa kadi huongea kwa sauti kubwa kuliko ushahidi walio nao. Mwaka 2017 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti zilizokuwapo. Zilikuta ushahidi wa kutosha kwamba bangi husaidia watu wazima wenye maumivu sugu; jambo hilo lisifichwe, na askari mwenye mgongo mbovu ana haki ya kulijua. Kuhusu kiwewe, ushahidi ulikuwa mdogo. Mwongozo wa tiba wa VA na Wizara ya Ulinzi wa mwaka 2023 unakwenda mbali zaidi: unashauri bangi isitumike kutibu PTSD, na unaweka mbele tiba za mazungumzo zilizopimwa, pamoja na dawa chache kama sertraline na venlafaxine.

Utafiti wa bangi na kiwewe uliosubiriwa kwa hamu ulikuwa wa Dkt. Sue Sisley huko Arizona. FDA, mamlaka ya dawa, iliukubali mwaka 2011. Kibali cha DEA, idara ya kupambana na dawa za kulevya, kikaja 2016. Katikati, mwaka 2014, chuo kikuu alichokuwa akifanyia kazi kiliachana naye. Pesa zilitoka jimbo la Colorado, zaidi ya dola milioni mbili. Bangi ilitoka Chuo Kikuu cha Mississippi, wakati huo shamba pekee lililoruhusiwa na shirikisho, tangu 1968, na Sisley alilalamika kwamba iliyoletwa ilikuwa na ukungu na imesagwa pamoja na vijiti. Askari 80 waligawanywa katika makundi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: makundi yote yalipata nafuu, pamoja na waliovuta bangi iliyotolewa nguvu yake, na hakuna kundi lililowazidi hao kwa kiasi cha kuaminika.

Hilo halithibitishi kwamba bangi haifai. Wiki tatu ni muda mfupi, watu 80 ni wachache, na bangi iliyotumika haifanani na ya dukani. Lakini aliyemwambia askari kwamba jambo limethibitishwa hakumwambia kweli. Bangi ya leo ni kali: sampuli zilizokamatwa na serikali zilikuwa na chini ya asilimia 5 ya THC, kemikali inayolevya, katikati ya miaka ya 1990, na takriban asilimia 15 mwaka 2021. Na kadi haisemi kiasi. Katika majimbo mengi daktari wa nje hutoa idhini, haandiki dozi kama ya dawa. Anayemwambia askari anunue aina gani na atumie kiasi gani ni muuzaji nyuma ya kaunta. Mtu mwenye kiwewe, pombe na dawa za usingizi katika damu moja, anaachwa mikononi mwa muuzaji, kwa sababu daktari wake amekatazwa kuandika.

5. Wanasema Washington iko njiani

Mwezi Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ihamishwe kutoka Jedwali la Kwanza kwenda la Tatu, na wengi wakaamini kwamba hilo ndilo la mwisho. Vitu vya Jedwali la Tatu huandikwa na daktari na kutolewa na mfamasia, baada ya FDA kuvikubali kama dawa. Maua ya bangi ya dukani hayajakubaliwa na FDA. Kuhamisha jedwali hakumfanyi mwenye duka kuwa mfamasia, wala hakuifanyi kadi kuwa cheti cha dawa. Hata ulinzi uliopo, kile kifungu cha Desemba 2014 kinachoizuia Wizara ya Sheria kutumia fedha kuvuruga mipango ya majimbo, huishi kwa bajeti ya mwaka na kuombewa upya kila mwaka.

Dawa ya tatizo hili inajulikana na ni fupi: daktari wa VA aruhusiwe kujaza fomu. Mwaka 2016 mabaraza yote mawili ya Bunge yalipitisha kifungu cha kumruhusu, kisha kikaondolewa chumbani wakati miswada ilipounganishwa. Aprili 2023 Seneti iliombwa jambo dogo zaidi, kuilazimisha VA ichunguze bangi kwa kiwewe na maumivu. Kura 57 zilikubali, 42 zikakataa, na kwa kuwa zilihitajika 60, mswada ukakwama. Kila mbunge aliyekataa anatoka katika nchi ambayo majimbo yake mengi yanatoa kadi, na kila akiulizwa na askari wa jimboni kwake, ana mahali pa kumwelekeza: nenda kachukue kadi. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko ada na safari. Kadi imewapa wabunge jibu la kumfukuzia mlangoni.

Mbunge Earl Blumenauer wa Oregon aliwasilisha mswada wa kuwafungua midomo madaktari hao mwaka 2014, na akaurudisha bunge baada ya bunge. Alistaafu Januari 2025. Siku aliyoondoka, daktari wa VA alikuwa bado hana ruhusa ya kutia saini.